Kiko, shisha na bongi: kuvipima vyombo vya maji kwa rula, bomba la sindano na udi

Malio ya kiko, ile sauti ya maji, ndiyo yanayowadanganya watu. Maji yakiguguma ndani ya chombo, anayevuta husikia kama nguo inafuliwa, akaamini moshi umeoshwa. Haujaoshwa. Umepoa, umepata unyevu kidogo, na sehemu ndogo ya gesi zake imebaki majini. Lami na hewa ya ukaa yenye sumu (monoksidi ya kaboni) vimepita vile vile.

Mwongozo huu ni wa kulinganisha vyombo vya maji vinavyotumika kuvutia bangi, kuanzia kiko cha kifuu hadi bongi ya kioo yenye vyumba viwili. Vifaa vyote vya upimaji vinapatikana Tanga mjini kwa asubuhi moja: bomba la sindano la ml 60 kutoka duka la dawa, rula, kikombe cha kupimia, mpira mwembamba wa plastiki, soli ya ndala kuukuu na pakiti ya vijiti vya udi. Bangi haihitajiki katika hatua yoyote.

Tumepanga hivyo kwa makusudi. Tanzania bangi ni marufuku, kuilima, kuwa nayo, kuiuza na kuivuta, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Shisha nayo serikali iliipiga marufuku mwaka 2016. Kwa hiyo pima chombo kipya au kilichosafishwa kabisa. Chombo cha mtumba chenye masizi borini huna haja ya kukipima. Umekinunua pamoja na masizi ya mwenyewe wa kwanza, na huwezi kumweleza askari kwamba ni ya mtu mwingine.

Majina kwanza

Kiswahili kina majina ya sehemu hizi tangu zamani, na ni afadhali kuyatumia kuliko kuokoteza. Bori ni kibakuli cha juu panapowekwa kinachochomwa. Kwenye kiko cha zamani lilifinyangwa kwa udongo. Digali ni mrija unaotoka kwenye bori na kuzama majini. Kiko chenyewe ni kile chombo cha maji, mara nyingi kifuu cha nazi. Shilamu ni mrija unaotoka kwenye kiko kwenda mdomoni. Sauti ya maji ndiyo malio. Chombo chochote cha maji, hata kiwe cha kioo kutoka China, kina bori, digali na kiko. Kinachobadilika ni umbo na idadi. Shisha, ambayo wazee waliijua pia kwa jina la buruma, ni kiko kilichorefushwa digali na kupewa shilamu ya mpira.

Chombo cha kioo kisicho na shilamu, unachoweka mdomo juu ya shingo yake, tutakiita bongi. Neno lenyewe asili yake ni Kithai. Tumeacha kuliandika "bongo" kwa kuwa bongo lina kazi nyingine za kutosha nchini.

Maji yanafanya nini, hasa

Moshi si gesi tupu. Ni gesi iliyobeba vitone vidogo mno vya lami, vingi vikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Moshi ukitoka kwenye ncha ya digali unakuwa povu. Povu hilo linapanda sentimita mbili tatu kwa muda usiofika nusu sekunde, kisha linapasuka juu. Vitone vilivyo katikati ya povu havijaonja maji hata kidogo. Vinavyogusa ukuta wa povu ndivyo vinavyonasa, na ni vichache.

Hapo ndipo ukubwa wa povu unapoingia. Kwa kiasi kile kile cha moshi, mapovu ya milimita 2 yana uso wa kugusana na maji mara tano zaidi ya mapovu ya milimita 10. Ndiyo maana watengenezaji hukata mipasuo kwenye digali au kuweka perkoleta, yaani chumba cha ndani chenye matundu mengi madogo. Moshi unapoa vizuri zaidi, hilo ni kweli.

Lakini kugusana zaidi hakuchagui. THC, yaani kilevi kilichomo kwenye bangi, haiyeyuki majini. Inanata, kama lami inavyonata, kwenye kuta zilizolowa na kwenye kioo. Mwaka 1996 Dale Gieringer wa California alichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa mashine ya kuvuta, na vyombo vya maji vilivyopimwa vilitoka na lami nyingi zaidi kwa kila kipimo cha vilevi kuliko msokoto wa kawaida usio na chujio. Maji yalikuwa yananasa kilevi kuliko yalivyonasa lami. Mtu anayevuta ili afikie hali fulani basi huongeza mavuto, na lami inaongezeka pamoja nayo.

Hewa ya ukaa yenye sumu, ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Kwenye bongi inatokana na majani yanayoungua. Kwenye shisha inaongezeka sana kwa sababu ya mkaa unaokaa juu ya bori saa nzima. Anayeumwa kichwa na kichefuchefu baada ya shisha asitafute kosa kwenye maji.

Kwa hiyo ukilinganisha vyombo hivi, usiulize kipi kinachuja zaidi. Uliza kipi kinavutika bila kukamua mapafu, kipi kinabaki na moshi uliolala ndani baada ya kuvuta, kipi kinavuja, na zaidi ya yote, kipi kinasafishika mpaka ndani.

Kipimo cha kwanza: ujazo

Jaza chombo maji mpaka shingoni kwa kikombe cha kupimia, ukihesabu. Andika ujazo wote. Mwaga. Sasa rudisha maji kidogo kidogo mpaka ncha ya digali izame sentimita 2.5, na andika umetia kiasi gani. Toa hiki kwenye kile. Kinachobaki ni nafasi ya hewa.

Mfano: bongi ya umbo la bika, yaani yenye kitako kipana na shingo nyembamba, ya lita 1, iliyotiwa ml 250, ina nafasi ya hewa ml 750. Kifuu kilichojaa kwa ml 350 na kutiwa ml 120 kina nafasi ya ml 230. Pumzi ya kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni kama ml 500. Maana yake kwenye kifuu pumzi moja inahamisha hewa yote na zaidi. Kwenye bika pumzi ya kawaida haimalizi hata mara moja, na mvutaji analazimika kuvuta kwa kifua chote. Hapo nako kikohozi hutokea, si kwenye "ukali wa mzigo" tu kama inavyosemwa vijiweni.

Kipimo cha pili: kina cha digali

Kina ndicho kinachoamua uzito wa kuvuta. Kila sentimita ya maji juu ya tundu la kutokea moshi ni sentimita moja ya maji ambayo mapafu yanapaswa kuishinda. Sentimita 2 hadi 3 zinatosha. Zikifika 5, mtu anavuta kama anayenyonya uji mzito kwa mrija.

Kosa ambalo hata wauzaji wanalifanya: digali lenye mipasuo hupimwa kuanzia nchani. Si sahihi. Povu hutokea mahali penye upinzani mdogo, na hapo ni tundu la juu kabisa. Kama mipasuo ina urefu wa sentimita 2 na ncha imezama sentimita 3, kina halisi ni sentimita 1 tu, na mipasuo ya chini inaanza kufanya kazi pale tu mtu anapovuta kwa nguvu. Pima kutoka juu ya mpasuo wa juu.

Vyumba vikiwa viwili, vina vinajumlishwa. Chini sentimita 2.5, perkoleta sentimita 2, jumla ni 4.5. Chombo cha vyumba vitatu kinachosifiwa kwenye picha kwa urembo wa mapovu yake huwa ni kazi ya mapafu kuliko starehe.

Kipimo cha tatu: kuvuja

Kata soli ya ndala iwe kizibo cha shingo ya chombo, itoboe katikati, pitisha mpira mwembamba, na kwenye mwisho wa pili wa mpira chomeka bomba la sindano. Kwa shisha au kiko chenye shilamu huhitaji soli. Mpira unaingia moja kwa moja, ukizungushiwa utepe.

Ziba bori kwa kidole gumba. Kama chombo kina tundu la hewa ubavuni, liziba nalo. Vuta pistoni ya bomba taratibu mpaka ml 60, kisha iachie. Chombo kizima kinairudisha pistoni karibu na ilipoanza. Ikibaki pale pale, au ukisikia mluzi mwembamba, hewa inaingia pasipotakiwa.

Sehemu tatu ndizo za kukagua. Ringi ya mpira inayoshika digali hukauka na kupasuka, hasa chombo kikiwekwa dirishani juani. Maungio ya kioo ya mm 14 na mm 18 hayaingiliani, na bori la mm 14 kwenye tundu la mm 18 hukaa kwa kudanganya, likiyumba. Angalia pia dume (ungio linaloingia) na jike (linalopokea) kabla hujalipa. Kwa kifuu, mahali pa kuvuja ni pale digali linapoingia. Funga uzi wa pamba kisha pakaa nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Usitumie gundi kali. Digali hupata moto na gundi itatoa mvuke wake ndani ya shilamu.

Kipimo cha nne: moshi uliolala

Hiki ndicho tunachokipenda, na ndicho kinachowaaibisha vyombo vikubwa. Kifanyie mahali penye hewa, na usivute kwa mdomo.

Washa kijiti cha udi, kishike karibu na bori tupu, na vuta bomba la sindano mara kwa mara mpaka chombo kijae ukungu mweupe. Kila mara ukitoa hewa iliyo bombani, kwanza bana mpira kwa vidole, chomoa bomba, sukuma nje, rudisha. Ukisukuma ukiwa umeunganisha, maji yatapanda digali na kumwagika kupitia bori.

Chombo kikijaa, ondoa udi. Sasa hesabu mavuto ya hewa safi mpaka ukungu uishe kwa macho, ukiweka kitambaa cheusi nyuma ya kioo. Kwa sababu hewa mpya inachanganyika na ya zamani, kuhamisha ujazo mmoja hakutoshi. Huacha kama asilimia 37 ya moshi. Ukihamisha ujazo mara tatu unabaki na kama asilimia 5. Kwa bika ya nafasi ya ml 750 tegemea mavuto karibu 37. Kwa kifuu cha ml 230, ambacho huoni ndani, hesabu 11 au 12 kwa kukadiria.

Matokeo yakizidi hayo sana, kuna kona moshi unapojificha: mabega mapana ya bika, tumbo la babla (kile chombo kidogo cha maji cha mkononi), au mpira mrefu wa shisha. Mrija wa bongi ulionyooka husafika haraka kuliko umbo lolote la ujazo sawa na wake. Moshi uliolala kwenye kona hizo hupoa, hunata ukutani, na mvuto unaofuata huukuta.

Kipimo cha tano: kurusha maji

Bomba la sindano haliwezi kuiga kasi ya mdomo, kwa hiyo hapa tumia mdomo, kwa chombo kipya, bori tupu, maji ya kunywa. Vuta hewa tupu kwa nguvu ya kawaida mara tatu. Tone likifika mdomoni, punguza maji nusu sentimita, rudia. Ukifika kina cha sentimita 1.5 na bado kinarusha, chombo ni kifupi mno kwa upana wa tundu lake na hakitengenezeki. Babla nyingi za mkononi zinaangukia hapa. Kifuu nacho hurusha kama shilamu imetobolewa chini sana; tundu lake linatakiwa kuwa juu ya nusu ya kifuu.

Hukumu yetu

Kiko cha kifuu kinashinda kwa kuvutika na kwa moshi usiolala, na kinashindwa vibaya kwa usafi, kwa kuwa ni mti, nao hunyonya. Bongi iliyonyooka ya kioo kinene, bila perkoleta, yenye digali la kuchomoka, ndiyo tunayoiona ya maana kuliko zote: unaiona ndani, brashi inafika kila mahali, na kikiharibika kipande unabadilisha kipande. Bika inasimama imara mezani kuliko hiyo, ila inalipia kwa nafasi kubwa ya hewa. Perkoleta inapoza vizuri na haisafishiki. Mwenye subira ya kuisafisha kila siku hatujamwona. Shisha ni ya mwisho kwetu kwa ajili ya mkaa na ule mpira. Mipira mingi ya ndani ina waya wa kuzungushwa unaoshika kutu, na hauoshwi.

Chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa msumari wa moto, yenye karatasi ya alumini badala ya bori, haistahili kupimwa. Plastiki inalainika pale inapoungana na moto, na kinachotoka hapo kinaingia pamoja na moshi. Hakuna kina cha maji kitakachorekebisha hilo.

Tukiongea kwa haki, kifaa kinachopasha majani bila kuyaunguza, vaporaiza, hupunguza lami na hewa ya ukaa yenye sumu kwa namna ambayo chombo cha maji hakiwezi, maana kinazuia moshi usitokee tangu mwanzo. Kukiunganisha na bongi kunapoza mvuke, basi.

Usafi, ambapo vyombo vyote huanguka

Joto la pwani ni rafiki wa vijidudu. Maji yaliyolala chomboni usiku mmoja Tanga au Bagamoyo huanza utelezi ukutani, na utelezi huo ni ukoo mzima wa bakteria. Madaktari wamewahi kueleza nimonia kali ya bakteria aitwaye Pseudomonas iliyohusishwa na maji machafu ya bongi. Maji hubadilishwa kila matumizi, na chombo huachwa kikavu, si "na maji kidogo kisikauke".

Kushirikiana ni hatari kubwa kuliko maji. Queensland, Australia, ripoti ya mwaka 2003 ilieleza kundi la wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakivuta bangi kwa chombo kimoja cha maji. Kuweka kidomo cha plastiki cha kila mtu husaidia mate, haisaidii mpira na kiko ambavyo pumzi ya kila mmoja imerudi humo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende akapimwe makohozi, na asipokee chombo.

Kioo kinasafishwa hivi:

1. Mwaga maji chooni, suuza kwa maji ya vuguvugu. Usitie yanayochemka; kioo cha bei nafuu si kile kinachostahimili moto, kitapasuka mkononi.

2. Toa digali na bori. Kwa chombo cha lita 1 tia ml 100 za spiriti isiyo na rangi na vijiko viwili vya chakula vya chumvi ya mawe, ile ya mabonge inayovunwa mashamba ya chumvi kama ya Nunge, Bagamoyo. Chumvi laini ya mezani haisugui vizuri. Spiriti ya bluu au zambarau ya kuwashia iache, ina methanoli.

3. Ziba matundu, tikisa dakika 3 hadi 5, ukizungusha chumvi ifike kwenye mabega. Kusiwe na jiko, sigara wala kijiti cha udi kinachowaka karibu. Hapa ndipo watu wanapoungua.

4. Mwaga, suuza mara tatu, osha kwa sabuni ya maji, suuza tena mpaka harufu ya spiriti iishe.

5. Kausha kichwa chini, kivulini penye upepo.

Ukiona ukungu mweupe usiotoka kwa spiriti, si masizi. Ni chokaa. Sehemu kubwa ya Tanga imekaa juu ya mwamba wa chokaa, ule ule uliotoboka mapango ya Amboni, na maji ya visima vingi ni magumu. Tia siki na maji nusu kwa nusu, au juisi ya ndimu nne, acha dakika 30, suuza. Siki isikutane na jiki hata kwa bahati mbaya. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu kuliko moshi wowote tuliouzungumzia. Ukipenda kuepuka chokaa, tumia maji ya bomba badala ya kisima.

Kifuu hakitiwi spiriti, kwa kuwa kitaibakiza ndani ya nyuzi zake. Kisuuze kwa maji ya moto, sugua ndani kwa kipande cha kumbi, rudia mpaka maji yatoke meupe. Kausha kivulini siku mbili, shilamu na digali zikiwa zimechomolewa. Ukikianika juani kinapasuka kuanzia kwenye tundu la digali, na ufa wa hapo nta haushiki. Harufu ikibaki baada ya kukauka, kifuu kimekwisha. Nazi nyingine inakunwa leo jioni, na tundu lake jipya litobolewe kabla kifuu hakijakauka kabisa, kingali hakipasuki kirahisi.